Siku moja maishani mwangu: mkaguzi wa dawa, Mwanza

Saa 12 asubuhi. Chai, chapati, daladala hadi ofisini.

Saa 2. Tunagawana mitaa. Niko TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ingawa wengi bado wanatuita TFDA, jina letu la zamani, na kutuuliza habari za unga na losheni. Tangu 2019 chakula na vipodozi viko TBS, shirika la viwango. Sisi tumebaki na dawa, vifaa tiba na vitendanishi, yaani kemikali za vipimo. Napakia fomu, lakiri, mifuko ya sampuli na kipimajoto.

Saa 3 mpaka saa 5. Famasi za mjini. Vibali viko ukutani, insulini iko kwenye jokofu la nyuzi 4, daftari la joto limejazwa. Tunasaini, tunaagana.

Saa 5 na nusu. Duka la dawa muhimu, daraja la chini ya famasi, lenye kibali cha dawa chache tu, pembezoni mwa mji. Mwenye duka ni mama wa makamo, mtaa mzima unamwita dokta. Rafu za mbele safi kabisa. Nikaomba anifungulie stoo.

Funguo hazikuwepo. Anazo mdogo wake, mdogo wake yuko shamba, simu haipatikani. Nikasubiri. Wateja wakajaa mlangoni, na maneno yakaanza: "Mnaonea wanyonge tu, wenye famasi kubwa hamuwagusi!" Maneno haya nayasikia kila mara na bado yananiuma. Mama mmoja alikuwa amembeba mtoto mwenye homa. "Dada, niache basi ninunue mseto, dawa ya malaria." Nikasoma namba ya toleo na tarehe kwenye boksi, kisha kwenye karatasi ya vidonge. Zinalingana. Nikasema ahudumiwe.

Funguo zikaja baada ya saa nzima na zaidi. Stoo ni bati tupu, haina dari. Kipimajoto kikapanda hadi 37, na maboksi yenyewe yameandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Nyuma ya mabunda ya pampasi kulikuwa na sindano za seftriaksoni, antibiotiki kali, ambazo duka la daraja hili haliruhusiwi kuuza. Chini yake, amoksilini ya maji ya watoto. Nikaigeuzia chupa kwenye mwanga wa mlango: penye tarehe pamesuguliwa kwa spiriti, wino umebaki kivuli. Boksi lina namba nyingine kabisa ya toleo. Mtoto mwenye nimonia akinyweshwa dawa hiyo asipone, mama yake ataambiwa ugonjwa umezidi. Hakuna atakayeitazama chupa.

"Mwanangu, tuongee basi," akaninong'oneza.

"Mama, tutaongea kwenye fomu."

Ndipo kazi ikaanza. Kila chupa inaandikwa: jina, toleo, idadi. Mwenyekiti wa mtaa lazima ashuhudie, naye alikuwa msibani. Alasiri ikaadhiniwa nikiwa nimekaa juu ya kreti, mgongo unawaka, sijala. Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani liliitambua Tanzania kuwa nchi ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu, kati ya nne, ya udhibiti wa dawa. Nalijivunia hilo, na ngazi hiyo inashikiliwa na fomu kama hizi.

Giza lilishaingia tulipofunga lakiri ya mwisho. Sampuli zitakwenda maabara, suala la kibali litakwenda Baraza la Famasi. Risiti mama hana. Anasema dawa huletewa na kijana wa pikipiki, kila Jumatano.

Kesho ni Jumatano. Nimeshaomba gari la saa 1.