Ors, kwenye kaburi la Wilfred Owen

Treni ilinishusha Le Cateau, kaskazini mwa Ufaransa, nikachukua teksi hadi kijiji cha Ors. Nilimfuata mtu mmoja tu: Wilfred Owen, mshairi Mwingereza aliyeuawa hapa tarehe 4 Novemba 1918, akiwa na miaka 25. Siku saba baadaye Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha.

Nje ya kijiji ipo nyumba ya mlinzi wa msitu, ambayo sasa ni nyeupe pe, imefanywa mahali pa kumbukumbu. Nilishuka chumba cha chini. Ni kiza na matofali matupu. Humu ndimo Owen, akiwa amebanana na askari wake katika moshi, alimwandikia mama yake barua ya mwisho tarehe 31 Oktoba. Alimwambia hatari hakuna, na kama ipo, itakuwa imeshapita kabla hajaisoma. Nilishindwa kutoka haraka.

Mfereji wa Sambre na Oise si mpana. Ng'ambo ni karibu mno, na ndiko walikokuwa Wajerumani na bunduki zao za rashasha wakati kikosi cha Owen kikijaribu kuvuka, naye akauawa. Taarifa ya kifo iliwafikia wazazi wake Shrewsbury, Uingereza, tarehe 11 Novemba, siku ambayo kengele za makanisa zililia kushangilia amani.

Amezikwa kwenye makaburi ya kijiji, pembeni, safu moja na askari wenzake. Sehemu ya chini ya jiwe la kaburi pameandikwa maneno ya shairi lake mwenyewe, yaliyochaguliwa na mama. Katika shairi, Owen anauliza maswali mawili: kama uhai utaifufua miili hii, na kama kweli Mungu atakifuta kifo chote, na ardhi inamjibu kwa kukata tamaa. Mama alikata nukuu kabla ya alama ya pili ya kuuliza, swali likageuka ahadi. Simlaumu hata kidogo. Lakini Owen niliyemsoma hakuahidi hivyo, na ningependa kila anayefika pale alisome shairi zima.

Alipokufa, mashairi yake yaliyochapishwa yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Diwani ilitoka 1920, ikiwa na utangulizi wa Siegfried Sassoon, mshairi mwenzake na rafiki aliyekutana naye hospitalini Craiglockhart, Edinburgh, mwaka 1917. Sassoon aliishi hadi 1967. Edward Thomas, mshairi mwingine wa vita hiyo, hakupata bahati hiyo: alianza kutunga mashairi mwishoni mwa 1914, akauawa Arras, hukuhuku kaskazini mwa Ufaransa, Aprili 1917. Kaburi lake liko Agny, na ndiko ninakoelekea kesho.