"Samahani, nilikufananisha"

Boti ya Unguja ikifunga gati Mkoani, Pemba, abiria hushuka kwa mkupuo, mizigo begani. Anayempokea mgeni asiyemjua ana picha moja tu kwenye simu. Basi huitwa asiyekuwa yeye, na anayetafutwa anapita ubavuni. Macho yalimwona. Akili ilikuwa kwenye kofia.

Sura ya mtu usiyemjua huishika kwa vya pembeni: nywele, kofia, shungi, umbo la kichwa. Vyote hivyo hubadilika kesho. Sura uliyoizoea huishika kwa vya ndani, yaani macho, pua na mdomo, ndiyo maana jirani humjui kwa kanzu yake. Uingereza, mwaka 2011, watu walipewa picha 40 za wanawake wawili wa Kiholanzi wazipange kila sura fungu lake, bila kuambiwa ni za watu wangapi. Waliokuwa hawawajui walitoa mafungu saba au nane kwa kawaida. Waholanzi waliowajua walitoa mawili, wala hawakuona kazi.

Kwa hiyo usiombe picha moja. Omba tatu au nne, za siku tofauti: anacheka, amenyamaza, kivulini, juani. Kisha ziba kofia au shungi kwa kidole gumba utazame kilichobaki. Linganisha kiungo kwa kiungo: mkato wa sikio kama linaonekana, taya, kovu, baka. Ukitazama sura nzima kwa mpigo mmoja utapata "anafanana", na kufanana si kuwa yeye.

Tena usimtazame huku unafanya jengine. Wanasaikolojia Simons na Levin, Marekani, mwaka 1998, walimtuma mtu aulize njia. Katikati ya mazungumzo wakapita watu wamebeba mlango, na nyuma yake muulizaji akabadilishwa. Kati ya wapita njia 15, waliogundua ni 7 tu! Wengine waliendelea kumwelekeza mtu mpya, kwa kuwa fikra zao zilikuwa kwenye njia na si kwenye uso. Mpokeaji anayehesabu mabegi na kujibu simu yuko hali hiyo hiyo.

Barazani utasikia mtu hujulikana kwa mwendo. Kwa uliyemzoea mwendo husaidia, lakini si kama inavyodhaniwa. Watu walipoonyeshwa picha za kamera za ulinzi zenye ukungu, za watu wanaowajua, kuzibwa mwili au mwendo kuliwapunguzia kutambua kidogo tu; kuzibwa uso ndiko kulikowaangusha.

Anayekagua vitambulisho ana tabu yake nyengine. Kadi za kughushi ni chache, na jicho likishaona sahihi mia moja huanza kuona sahihi hata pasipo. Apumzike kabla hajachoka, na aanze na uso wa mtu, ndipo asome jina. Akianza na jina, picha ataipitisha juu juu. Mwenye ninja afunue mbele ya mkaguzi mwanamke, kwani macho peke yake hayatoshi kwa mtu asiyejulikana.