Kwenda Wuxi kukagua erhu kuukuu

Kazi yangu hapa Yiwu, China, ni kununulia watu bidhaa: taa, mabegi, vyombo vya plastiki, chochote ambacho mfanyabiashara wa Kariakoo anakitaka na hana muda wa kupanda ndege kukifuata. Ala za muziki hazikuwamo, mpaka rafiki yangu wa Unguja, mpiga fidla wa taarab, aliponitumia ujumbe wa sauti: "Yakhe, nataka erhu iliyokwisha kupigwa na mtu. Usinletee pambo la ukutani." Bajeti yake ilikuwa yuan 3,000, matengenezo yakiwa humo humo. Mpya hakuitaka kabisa. Alisema mti uliokauka miaka mingi hauji kumpindia shingo ya ala kwenye joto la pwani, nami nikaona ana hoja.

Kwa asiyeijua, erhu ni fidla ya Kichina yenye nyuzi mbili tu. Ni kijisanduku cha mti, mara nyingi cha pande sita, kilichowambwa ngozi ya chatu upande wa mbele, na shingo nyembamba iliyopenya humo ikapanda juu. Yote kwa pamoja kama sentimita 80. Mpigaji hukaa akaiweka juu ya paja. Mgogo mwenye zeze lake angeitambua ndugu yake hapo hapo, ila angeshangazwa na upinde: singa za farasi hupita katikati ya nyuzi mbili, kwa hiyo upinde hautoki, unaishi kwenye ala. Uzi wa ndani ni re na wa nje ni la, sauti zile zile za nyuzi mbili za katikati za fidla ya kawaida. Ndiyo maana mtu wa taarab aliitamani.

Tangazo nililolipata lilikuwa la mwalimu mstaafu wa Meicun, pembeni ya mji wa Wuxi. Meicun ni kitongoji cha mafundi wa erhu, na hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Nikinunua kwa picha sina wa kumwuliza, lakini kule nikitoka nyumba ya muuzaji nitavuka barabara tu niingie karakana. Nikapanda treni ya mwendokasi hadi Shanghai Hongqiao, nikabadili, tukapita Suzhou, na muda si mrefu niko Wuxi, mvua inanyesha. Ilikuwa Juni, msimu wa mvua za plamu kwenye bonde la Yangtze, ambapo hata shati lililoanikwa ndani ya nyumba halikauki.

Mwalimu alinikaribisha kwa chai, akaitoa erhu kwenye sanduku lenye kitambaa cha buluu kilichochakaa. Chapa ni Huqiu, ya kiwanda cha Suzhou. Alisema ni ya miaka ya themanini, mti wake zitan, yaani msandali mwekundu, bei yuan 2,800. Kichwa cha juu kilikuwa cha kupinda tu, bila nakshi. Hilo lilinifurahisha. Vichwa vya joka vyenye meno na macho ya kung'aa mara nyingi hubandikwa kwenye ala za kuuzia watalii, na pesa iliyokwenda kwenye joka haikwenda kwenye mti.

Nilianza kutafuta dalili kwamba ilipigwa. Kwenye shingo, pale panapokaa kiganja cha kushoto, mti ulikuwa umelainika na kung'aa kuliko sehemu nyingine. Juu ya sanduku, chini ya njia ya upinde, utomvu wa msonobari ulikuwa umeganda tabaka juu ya tabaka, kwanza kahawia, halafu mweupe wa unga. Vigingi vilikuwa na michubuko ya nyuzi. Erhu ya ukutani haiwi hivyo hata ikae miaka hamsini.

Kisha nikaigeuza. Upande wa nyuma haufunikwi kwa ngozi. Una dirisha la mti lililochongwa, na kupitia hapo unaona ndani ya sanduku, ambako hakuna aliyehangaika kupaka rangi wala vanishi. Huko ndiko mti unakosema ukweli. Nilifunga pamba yenye maji kwenye ncha ya kijiti, nikasugua taratibu huku mwalimu akinitazama bila kukasirika. Pamba ilitoka safi. Basi haikuwa mti mwepesi uliopakwa rangi nyekundu, ambao ndio ugonjwa wa nyingi za bei rahisi. Kama ni zitan au si zitan, hapo elimu yangu iliishia. Niliomba ruhusa tuipeleke kwa fundi, naye akachukua mwavuli tukaenda wote.

Fundi hakuipiga kwanza. Aliishika shingo akaiangalia kwa urefu, jicho moja amefumba, kama seremala anavyokagua ubao. Akatafuta kiungo pale shingo inapokutana na kichwa. Hakikuwepo, ni kipande kimoja. Akazungusha sanduku akilinganisha mistari ya mti kwenye mbao zake sita, na akasema zimetoka kwenye ubao mmoja. Halafu akatoa hukumu: mti ni mwekundu mzuri, wa jamii ya hongmu, yaani miti migumu myekundu ya fanicha za Kichina, lakini zitan si kweli. Mwalimu alisema hivyo ndivyo marehemu mume wake alivyoambiwa dukani alipoinunua, na hakubisha zaidi.

Ngozi ndiyo iliyotumalizia muda. Fundi alibonyeza kwa kidole gumba kando ya kile kijiti kinachobeba nyuzi. Ngozi ilibonyea, ikachelewa kurudi. Magamba ya ukingoni yalikuwa yameanza kuinuka, mawili matatu yamevunjika kabisa. Akanionyesha ngozi mpya aliyonayo ili nione tofauti: magamba makubwa, yenye ukubwa sawa, mistari myeusi na manjano iliyonyooka. Inayotafutwa zaidi, akasema, hukatwa karibu na tundu la haja la chatu, maana hapo ni nene na haichoki upesi. Kicheko kilimtoka mwalimu kuliko mimi.

Ndipo akaipiga, akipandisha kidole polepole kwenye uzi wa ndani tangu juu hadi chini, akisikiliza pale sauti inapokwaruza na kutetemeka. Ilikwaruza. Lakini akanionya nisiihukumu kwa sauti hiyo. Msimu huu kila ngozi imelegea; ni sawa na kupima ngoma kabla haijapashwa moto. Anayeuza Juni anapunjika, na anayenunua wakati wa baridi kavu anaweza kusikia sauti kali, akalipia hali ya hewa.

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi wanavyopanga bei. Umri wa mti huipandisha, umri wa ngozi huishusha, na ala moja inabeba yote mawili. Mafundi wakubwa hununua hata fanicha kuukuu wakazipasua kwa ajili ya mti wake, lakini hakuna anayelipia zaidi kwa chatu wa zamani. Kwa hesabu ya fundi, hii ilistahili yuan 1,500 kama mti na kazi ya mkono, na kuiwamba upya ni 800. Mwalimu alitaka 1,700. Tukakutana kwenye 1,600.

Chatu ana jambo lingine, nalo ni la sheria. Yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na tangu 2005 China hutaka erhu iwe na kibandiko cha kuthibitisha kwamba ngozi yake ni ya chatu wa kufugwa. Msafiri anaruhusiwa kutoka na erhu mbili. Ya miaka ya themanini haina kibandiko hicho, na ukifika nayo uwanja wa ndege utaanza kueleza mambo usiyoyajua. Kwa hiyo ngozi mpya yenye kibandiko ilikuwa inaponya sauti na safari kwa mpigo mmoja. Mti haukunipa wasiwasi: hata ukiwa wa jenasi ya Dalbergia, ambamo mpingo wetu umo pia, jenasi hiyo nzima iliwekwa chini ya mkataba huo mwaka 2017, lakini ala za muziki zilizokamilika zikasamehewa 2019. Upande wa kwetu, nilimwambia rafiki yangu aulizie kibali kwa watu wa wanyamapori kabla mzigo haujaondoka.

Fundi alitaja njia nyingine: utando wa plastiki aina ya PET, wa namna ambayo Orkesta ya Kichina ya Hong Kong imeitumia kwenye ala zake badala ya chatu. Haulegei kwa unyevu. Kwa Unguja mimi ningechukua huo bila kufikiri mara mbili. Nilimpigia mwenye pesa palepale. "Chatu, yakhe," akasema, na mjadala ukafa.

Kabla ya treni ya jioni nilipita mjini kwenye nyumba ya Abing, mpigaji kipofu wa mitaani wa Wuxi. Vipande sita tu vya muziki wake vilirekodiwa, kiangazi cha 1950, mwezi wa Desemba akafariki. Wakati wa kurekodi hakuwa hata na erhu yake mwenyewe, ilibidi aazimiwe.

Yetu ilibaki karakanani. Fundi hakubali kuwamba ngozi mpaka mvua ziishe, na ngozi ikishawambwa anataka itulie kwanza kabla ya kufungwa nyuzi. Nimelipa nusu ya kazi, pamoja na yuan 200 za upinde mpya, na kwenye risiti ameacha nafasi ya namba ya kibandiko. Rafiki yangu amejumlisha, ameona zimebaki 400, na sasa anauliza nyuzi za akiba.