Goti langu nililinunua kama spea

Miaka thelathini na ushee nimeuza bushi na shokapu pale Gerezani, Kariakoo, kwa hiyo mtu akiniambia "hii mpya kabisa, imeingia juzi", mkono wangu unashika mfuko wenyewe. Goti la kulia lilipoisha, mfupa unasaga mfupa, kila mtu alikuwa na goti bandia la kunishauri, na kila mmoja alilisifia kwa upya wake.

Shemeji alinitangulia. Alirudi kutoka India na kipeperushi cha goti la rangi ya dhahabu, eti linadumu miaka 30. Nikamuuliza, "Limeanza kuwekwa lini?" Hajui. Dhahabu yenyewe wala si dhahabu, ni utando wa titani na nitrojeni ambao faida yake hasa ni kwa wenye mzio wa nikeli. Mimi sina mzio wa chochote isipokuwa wadeni.

Aliyenipata ni jirani yangu wa msikitini. "Chukua lile la kukunja sana, mzee, utasujudu kama kijana." Hapo nikalainika, na mimi nimewacheka wateja wangapi walionunua kwa jina la boksi! Nikampa dalali wa vifaa laki mbili anishikie. Wiki tatu nikajigamba nyumbani, hata mkeka mpya wa kuswalia nikanunua. Kisha nikaenda kwa daktari wa pili, mtu mzima asiye na maneno mengi. Akanilaza, akalikunja goti, akapima kwa kile kirula chao: digrii 95. "Mzee, goti linalokunja 95 leo, nikilibadilisha halitafika 140. Kinachoamua zaidi ni lilivyokuwa likikunja kabla." Akanisimulia kuwa Korea Kusini waliwachukua watu wakawawekea goti la kawaida mguu mmoja na la kukunja sana mguu wa pili. Walipopimwa baadaye, tofauti haikuwa ya maana. Laki mbili zangu ziko kwa dalali mpaka leo.

Basi nikarudi kwenye akili yangu ya dukani: spea iulizwe umri, isiulizwe sifa. Nikamwomba daktari aandike jina kamili la goti analotaka kuniweka, si kampuni tu, maana kampuni moja ina matoleo mengi: linaloacha kano ya nyuma na linaloikata, plastiki ya katikati inayotulia na inayocheza, linalogandishwa kwenye mfupa kwa saruji ya hospitali na lisilo na saruji. Binti yangu akafungua taarifa za rejista ya viungo bandia ya Uingereza, iliyoanza kukusanya mwaka 2003, na ya Australia ya tangu 1999. Zinasomwa bure! Mle kila goti lina hesabu yake: yaliwekwa mangapi, na mangapi yalifunguliwa upya baada ya miaka 10 au 15. Kuna pia alama za jopo linaloitwa ODEP, linalopima ushahidi wa kila kiungo bandia. Langu lilikuwa na 15A*, yaani ushahidi wa miaka kumi na tano, na ushahidi wenyewe mzito. La dhahabu la shemeji tulilitafuta mpaka chai ikapoa.

Ajabu ni kwamba magoti ya zamani yanayofahamika hayapishani sana. Ile plastiki inayocheza, iliyosifiwa kuwa haitalika upesi, haijaishinda ile inayotulia. Kinachopishana kweli ni goti zima na nusu goti, lile linalobadilishwa upande mmoja tu. Watafiti wa Bristol walichapisha mwaka 2019 kwamba magoti mazima kama 82 kati ya 100 hufika miaka 25, ya nusu kama 70. Nusu goti hupona haraka, lakini mimi nilikuwa nimeharibika pande zote. Umri nao ni shughuli: mdogo wangu wa miaka 52 alitaka tufuatane, nikamwambia asubiri, mwanamume wa umri huo ndiye anayerudi kwenye meza ya upasuaji mara nyingi.

Gharama? Milioni kumi na kitu, ukitia vipimo, mazoezi na bajaji za kwenda kliniki. Msiyakimbie mazoezi, nililia kama mtoto wiki ya pili. Na muulizeni daktari ameweka mangapi ya aina hiyohiyo, fundi aliyezoea Corolla usimpe Fuso.

Sasa naswali kwenye kiti, ule mkeka anautumia mke wangu. Stika za boksi la goti niliziomba kabla sijatoka wodini, zenye namba zote, nimezibandika nyuma ya kadi ya gari.