Siku Moja Maishani Mwangu: Kuhesabu Ndege wa Pwani Kabla Hawajaondoka

Saa 11 alfajiri. Ni bamvua, maji yamejaa hadi mashinani mwa mikoko. Ndege wamebanana kwenye mchanga kidogo uliobaki. Nasimika darubini mbali nao na kutulia. Aprili hii wanalimbikiza mafuta ya safari ya kwenda kutaga kaskazini. Kila anayewarusha bure anawachomea akiba hiyo.

Saa 12 na nusu. Jua limetoka na rangi zinaonekana. Vitwitwi wenye midomo iliyopinda, waliokuwa wa kijivu miezi yote waliyokaa huku, sasa vifua ni vyekundu kama tofali. Wanaelekea Siberia, ambako kiangazi ni kifupi na anayechelewa huenda asilee kinda.

Saa 5. Maji yamekupwa, ndege wametawanyika tope zima. Najaza daftari.

Saa 8. Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Maji yanapanda na kuwasogeza ndege kwangu wenyewe, bila mimi kuinua mguu. Sululu anazamisha mdomo wote topeni, anatoa kaa, anamtikisa hadi miguu inyofoke, ndipo ammeze. Natafuta pete za rangi miguuni, maana herufi chache zikisomeka hueleza ndege alikotoka. Wageni huuliza kama kweli viumbe wadogo hivi hufika mbali. Mimi huwasimulia yule ndege kijana wa jamaa ya sululu aliyefungwa kifaa cha setilaiti. Mwaka 2022 aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 bila kutua. Kabla ya safari za namna hiyo matumbo yao hunywea ili kupunguza uzito, kwa hiyo mafuta ndiyo chakula chao angani.

Saa 11 jioni. Maji yamejaa tena, wamerudi mchangani, sasa nahesabu. Nahesabu kumi, nakariri ukubwa wa fungu hilo, kisha nalipima kundi zima kwa mafungu, mara mbili, kushoto kwenda kulia na kurudi. Mgeni mmoja anaomba tusogee apate picha nzuri. Namkatalia kwa upole, namwachia darubini. Anatazama muda mrefu, haombi tena.

Saa 12 na nusu jioni. Hesabu imeandikwa, pamoja na upepo na hali ya maji. Kesho maji yatachelewa kujaa kwa dakika 50 hivi, basi nitafika saa 12 kasorobo.