Kazi ya kurudi palepale

Kila nikishuka kutoka Usambara kwenye utafiti wangu wa vipepeo shangazi ananiuliza, "mwanangu hivi utasoma mpaka lini, na hao vipepeo wanakulipa?" Leo nimjibu hapa vizuri, kwa kumuelezea mtu ambae amefanya nisiiache hii kazi.

Anaitwa Camille Parmesan, mwanaikolojia wa Marekani. Miaka ya 1990 mwanzoni alikua anasoma PhD Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, akashika kipepeo mmoja tu, Euphydryas editha, anaishi magharibi mwa Amerika Kaskazini kuanzia Mexico mpaka Canada. Akakusanya rekodi za zamani, zile lebo ndogo zinazochomwa pini pamoja na mdudu makumbusho, zinasema kakamatwa wapi na tarehe ngapi basi. Alafu akaenda. Yaani akaenda kwenye hayo maeneo moja baada ya jingine kuangalia kama bado wapo au joto la dunia linalopanda limewaondoa, na ukijumlisha rekodi zote alizotumia ni maeneo zaidi ya 150. Kitu ninachomheshimia sana ni hiki, akifika akakuta pamejengwa au ule mmea wanaokula viwavi haupo tena, hapo anapatoa kwenye hesabu, kwasababu huwezi kulisingizia joto kosa la tingatinga. Anahesabu pale tu ambapo majani yapo, maua yapo, kila kitu kipo, ila kipepeo hayupo.

Mtu wa fildi anaijua hiyo siku. Unazunguka tangu asubuhi unaandika sifuri, na sifuri huwezi kuiandika kivivu, lazima uwe umetafuta kweli mpaka mwenyewe uridhike.

Majibu yakatoka 1996 kwenye jarida la Nature. Kusini, upande wa Mexico, vipepeo walikua wametoweka karibu mara nne kuliko Canada, na wale wa milimani juu walikua wamesalimika kuliko wa chini. Na sio kwamba joto linamuunguza kipepeo, shida ni chakula, mwaka ukiwa wa joto na ukame mmea unakauka mapema wakati kiwavi bado hajakua vya kutosha kulala mpaka msimu mwingine, kwahiyo anakufa njaa juu ya jani kavu. Mimi hii niliposoma mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu.

Mwaka 2003 yeye na mchumi Gary Yohe wakapitia data za spishi zaidi ya 1,700, na walipopima mipaka ya wanapoishi wakakuta kwa wastani inasogea kilomita 6.1 kila miaka kumi kuelekea kwenye ncha za dunia. Akaingia kwenye ripoti za IPCC, lile jopo la kimataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi, akahamia Uingereza, alafu Ufaransa kupitia mpango wa Rais Macron wa kuwaita watafiti wa tabianchi, na ile ripoti ya 2022 alikua mmoja wa waratibu wa sura ya mifumo ikolojia. Yote hayo yameanzia kwenye lebo za watu waliokufa zamani ambao hawakujua wanamuandikia nani.

Hapo ndo ninapoumia mimi. Pale Amani, hukuhuku Usambara, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti 1902, rekodi za zamani huku zipo, ila kwa ile mistari yangu, yaani njia maalum ninazopita kila mara nikihesabu vipepeo, sina lebo hata moja ya kulinganisha. Nilichonacho ni mzee anaetuongoza msituni, anasema utotoni mwake huku juu ulikua unakaa na koti mpaka saa nne asubuhi. Namuamini kabisa ila siwezi kulipima koti.

Kwahiyo shangazi, naandika. Tarehe, saa, mwinuko, mawingu, nimeona nini na sijaona nini. Jana mstari wa tatu, saa tano kasoro, jua zuri, mmea upo na majani machanga, kipepeo sifuri. Mwezi ujao narudi palepale.