Kupanda Kalinzi kwa baiskeli, na kushuka tena ziwani

Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na kahawa ya Kalinzi, mkoani Kigoma, inalimwa kwenye mita 1,500 hivi. Safari yenyewe ni hizo mita 700 za kati. Barabara ya Mwandiga hadi Manyovu, inayopita Kalinzi, ina lami, kwa hiyo kinachowashinda watu wengi ni gia.

Baiskeli ya kawaida ya tairi la inchi 28, mbele meno 48 na nyuma meno 20, inakwenda mita 5.3 kwa kila mzunguko wa pedeli. Hiyo ni gia ya tambarare ya Ujiji. Fundi akikuwekea friwili (kigurudumu cha meno cha nyuma) ya meno 22, mzunguko unashuka hadi mita 4.8, cheni ikibana, gurudumu la nyuma linasogezwa mbele kidogo kwenye fremu. Penye mwinuko mkali bado utashuka usukume, na hakuna aibu: wabeba mizigo wote wanasukuma. Baiskeli ya gia, ukiiweka meno 28 mbele na 28 nyuma kwa tairi la 26, inakwenda mita 2 tu, na hapo unapanda huku unaongea.

Kabla ya kuondoka pima siti: weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, goti linyooke bila kiuno kuinama upande. Siti ikiwa chini, magoti ndiyo yatakayolipa. Beba maji lita 3, tyubu ya akiba, viraka, pampu na spana ya nati za magurudumu.

Mtu na baiskeli wakiwa kilo 95, kwa nguvu ya wati 100, mwinuko peke yake unataka karibu saa 1 na dakika 50. Ongeza vilima vinavyokushusha ili vikupandishe upya. Huhitaji kifaa cha kupimia kimo: michikichi ikipungua na migomba ikachanganyika na kahawa, umeshafika juu. Hewa huko ni baridi kuliko ziwani kwa digrii 4 au 5, basi chukua koti, maana jasho litakugandia mara tu utakaposimama. Ukitaka majani mabichi vilimani, nenda mwishoni mwa masika. Kuanzia Julai nyasi zimekauka, na sehemu nyingi zimechomwa.

Baiskeli nyingi huharibikia kwenye kushuka. Ukishika breki mfululizo, rimu inachemka, gundi ya kiraka inalainika, na kiraka kinaachia ukiwa kwenye mwendo. Tyubu yenye viraka vingi iache nyumbani. Kamata breki zote mbili kwa nguvu, punguza mwendo, kisha ziachie kabisa rimu ipoe. Rudia hivyo kabla ya kona, si ndani ya kona. Breki za vyuma kwenye rimu ya chuma zikilowa karibu hazishiki, kwa hiyo mvua ikikukuta juu, subiri chini ya kibaraza cha duka.

Ukifika chini, gonga spoku moja moja kwa spana. Inayotoa mlio mzito kuliko jirani zake imelegea: kaza robo mzunguko, zungusha gurudumu, tazama kama linayumba, kisha uende kwenye inayofuata.